Ukuaji kwa asidi: jinsi seli ya mmea inavyorefuka

Shuleni tunafundishwa kwamba auksini ni homoni ya ukuaji, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Ni hasara, maana utamu wote uko kwenye namna inavyofanya kazi. Auksini haisukumi seli irefuke. Msukumo upo tayari: maji yaliyojaa ndani ya seli hukandamiza ukuta wake wa selulosi kwa nguvu inayozidi mara kadhaa kanieneo ya hewa. Kinachozuia seli kutanuka ni ugumu wa ukuta huo.

Kazi ya kuulegeza huanzia kwenye utando wa seli, ambako kuna kimeng'enya kiitwacho H⁺-ATPase. Hiki ni pampu: huvunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kwa nishati hiyo hutoa ioni za haidrojeni nje. Pampu hufanya kazi vizuri ikiwa imebandikwa fosfeti, lakini kuna vimeng'enya vingine vinavyoibandua. Auksini ikifika, huwasha jeni za protini ndogo za kundi la SAUR, nazo huvizuia vibanduaji hivyo. Pampu inabaki imewaka.

Ioni zikirundikana nje, ukuta unakuwa na asidi, pH yake ikikaribia 5 au chini ya hapo. Katika hali hiyo protini ziitwazo ekspansini huachanisha nyuzi za selulosi na molekuli zinazozishikiza, bila kuzikata. Nyuzi zinateleza, ukuta unanyooka, maji zaidi yanaingia. Pampu hiyohiyo huifanya seli iwe na chaji hasi ndani, hivyo potasiamu huvutwa kuingia na kusaidia kuendelea kuvuta maji.

Wazo hili lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ushahidi wake unapendeza kwa urahisi wake. Kata kipande cha shina changa, kitie kwenye maji yenye asidi pasipo auksini: kitaanza kurefuka ndani ya dakika chache. Fusikoksini, sumu ya kuvu inayoiwasha pampu moja kwa moja, hufanya vivyo hivyo.

Mzizini mambo hugeuka. Kiasi cha auksini kinachorefusha shina hupunguza asidi ya ukuta wa seli za mzizi na kuzipunguzia kasi. Ndiyo maana mche ukilazwa, auksini ikakusanyika upande wa chini, shina hupinda kwenda juu na mzizi hupinda kwenda chini.