Kufaulu NEET si kupata nafasi ya udaktari

Nchini India wengi huamini kwamba mwanafunzi akishafaulu NEET, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vya udaktari, nafasi yake ipo. Sivyo. Mwaka 2024 walifuzu zaidi ya milioni 1.3, ilhali nafasi za MBBS, shahada ya kwanza ya udaktari, nchini kote zilizidi laki moja kwa kiasi kidogo tu.

Kinachoamua ni ugawaji. Katika vyuo vya serikali za majimbo, asilimia 15 ya nafasi hugawiwa kitaifa. Asilimia 85 hubaki kwa jimbo lenyewe, lenye kanuni zake za ukaazi na makundi maalumu. Ndiyo maana alama zilezile hutosha jimbo moja na kupungua jingine. Mwombaji lazima ajisajili tena jimboni, kisha apange vyuo anavyovitaka.

Hapo wazazi huogopa kutanguliza chuo kinachogombewa, wakihofu mtoto atakosa vya chini. Hakosi. Mfumo huanza na aliyeshika namba ya juu kwenye NEET, ukashuka orodha yake mpaka ukute chuo chenye nafasi. Atangulize anachokitaka kwa dhati, na asiandike kabisa asichokuwa tayari kusomea: kuikataa nafasi katika raundi za mwisho za ugawaji kunaweza kumpotezea fedha za dhamana alizolipa.