Kulungu wa Aktiki alifugwaje?

Mfugaji wa Kisami, jamii ya wenyeji wa kaskazini mwa Norwei na nchi jirani, akitaka mnyama mmoja kutoka kundini, humrushia kamba yenye kitanzi. Kulungu huyo wa Aktiki (kwa Kiingereza reindeer), mnyama wa nchi za baridi kali za kaskazini, ni mali yake, masikio yake yamekatwa alama ya mwenyewe, lakini kuguswa hataki. Sehemu kubwa ya mwaka hujitafutia malisho, akifukua theluji kwa kwato hadi afikie kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoota pamoja juu ya ardhi. Mnyama wa namna hii ukiuliza alifugwa lini, usitarajie mwaka mmoja.

Sisi tunaosoma mifupa anatusumbua kweli. Ng'ombe alipofugwa umbo lake lilipungua, na mbwa alifupika pua. Vitu hivyo hupimika. Kulungu wa kufugwa na wa mwitu, kinyume chake, karibu wana mifupa ileile, na hata leo wakikutana huzaliana. Rundo la mifupa yao katika makazi ya kale huenda likawa mabaki ya mawindo tu, kwa maana watu wa Ulaya na Siberia wamewala kwa makumi ya maelfu ya miaka. Ndiyo maana wanaakiolojia wamegeukia vifaa.

Kwa maoni yangu ushahidi mzuri kuliko wote umetoka Ust-Polui, karibu na mji wa Salekhard, Siberia ya magharibi. Hapo vimefukuliwa vipande vya pembe vilivyochongwa kwa ustadi, vya miaka 2,000 hivi iliyopita. Robert Losey wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake waliwashirikisha wafugaji wa Kinenets, wenyeji wa eneo hilo, katika kuvichunguza, na vikatambuliwa kuwa ni sehemu za hatamu, vifaa vya kumvisha kulungu kichwani anapofunzwa kuvuta. Kuvuta mizigo kwenyewe hakukuwa jambo geni: katika kisiwa cha Zhokhov, mbali zaidi kaskazini, mbwa walifanya kazi hiyo miaka 9,000 iliyopita.

Maana yake ni kwamba ufugaji huu haukuanza na makundi makubwa ya nyama. Ulianza na wanyama wachache waliofunzwa kazi, huku nyama ikiendelea kutoka porini. Mnamo mwaka 890 hivi, Ottar, tajiri kutoka kaskazini mwa Norwei, alimwambia Mfalme Alfred wa Wessex, Uingereza, kwamba ana kulungu 600 wa kufugwa. Sita kati yao, alisema, walikuwa wa thamani sana kwa Wasami, kwa sababu walitumiwa kama chambo cha kuwanasa wenzao wa mwitu. Mfugo ulikuwa silaha ya mwindaji! Makundi ya mamia kwa kila familia yalienea Skandinavia baadaye sana, hasa kuanzia miaka ya 1500 na 1600.

Wala chimbuko si moja. Utafiti wa vinasaba wa Knut Røed na wenzake, uliotoka mwaka 2008, ulionyesha kuwa kulungu wa kufugwa wa Skandinavia na wale wa Urusi wana asili tofauti. Waevenki wa Siberia na Wadukha wa Mongolia huwapanda na kuwakama. Maziwa ni kidogo, ila mafuta yake hufikia asilimia 20 hivi.

Mnyama naye alikuwa na sababu zake za kusogea. Hupenda sana chumvi, hata iliyomo katika mkojo wa binadamu, na wakati wa kiangazi hukimbilia moshi wa kambi kukwepa mbu. Dume akishahasiwa hutulia na kuvuta vizuri. Wafugaji wa Kisami wa zamani walihasi kwa kung'ata kwa meno, bila kupasua ngozi.

Amerika ya Kaskazini ina spishi hiyohiyo, lakini wenyeji wake waliiwinda tu. Waliofugwa waliletwa Alaska kutoka Siberia kuanzia mwaka 1892 kwa juhudi za mmisionari Sheldon Jackson, kisha wakaletwa Wasami kufundisha kazi. Miaka ya 1990, kundi kubwa la mwitu lilipopanua njia zake hadi Rasi ya Seward, magharibi mwa Alaska, maelfu ya kulungu waliofugwa waliondoka nalo, na wafugaji kadhaa wakabaki bila mifugo.