Ruhusa ya Faili la Diski Haizuii Amri za Diski

Nimeyasikia tena, safari hii katika ofisi moja hapa Dodoma: fundi wa Linux amemwingiza mtumiaji kwenye kundi la disk, ambalo wanachama wake huruhusiwa kufungua mafaili ya diski, ili aangalie afya ya diski kwa programu ya smartctl, akishikilia kwamba hakuna la kuhofia kwa kuwa huyo "atasoma tu". Ilipogoma, akaipa /dev/sda, faili linalowakilisha diski, chmod 666, yaani ruhusa ya kila mtu kusoma na kuandika. Ikagoma vilevile, na ruhusa hizo zikabaki hapo hapo.

Ruhusa za faili la kifaa huamua nani atalifungua, basi. Akishalifungua, mtumiaji anaweza kuiomba kerneli, kiini cha Linux, kupitia ombi liitwalo SG_IO, imfikishie diski amri ghafi ya SCSI, lugha ya amri za diski. Kinachomzuia ni kichujio kilichoingizwa mwaka 2004, toleo la 2.6.8, baada ya kubainika kwamba aliyefungua kichomea CD kwa kusoma tu aliweza kubadilisha hata programu ya ndani ya kifaa. Kichujio hutazama baiti ya kwanza ya amri: baadhi ya amri hupita kwa aliyefungua kwa kusoma, baadhi kwa aliyefungua kwa kuandika, na zilizobaki humtaka mwenye uwezo uitwao CAP_SYS_RAWIO, ambaye kwa kawaida ni root, msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa diski za SATA, smartctl hutumia amri 85h (namba ya heksadesimali ya baiti hiyo), isiyokuwamo kwenye orodha ya kusoma wala ya kuandika. Hata chmod 777 isingesaidia kitu.

Kinachonikera zaidi ni kuamini kwamba kusoma hakudhuru. Kwenye kifaa cha CD, 42h ni amri ya kusoma taarifa za wimbo unaochezwa, kwa hiyo iliwekwa kwenye orodha ya kusoma. Kwenye diski, 42h hiyo hiyo ni UNMAP, inayoiambia diski iyaachie mabloku, yaani ifute data. Kasoro hiyo iliandikishwa kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama kama CVE-2012-4542, na mpaka leo sijashawishika kwamba orodha moja inaweza kuzitosha aina zote za vifaa.

Anwani nazo zina shida yake. Amri 28h, ya kusoma, hubeba anwani ya bloku katika baiti ya 2 hadi ya 5, tukihesabu kuanzia sifuri, na anwani hiyo huhesabiwa tangu mwanzo wa diski nzima. Ndiyo sababu, kabla CVE-2011-4127 haijarekebishwa, mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) iliyopewa patisheni moja tu, yaani kipande kimoja cha diski, iliweza kusoma na kuandika data za jirani zake kwenye seva ile ile.

Tena kundi la disk halihitaji ujanja wote huo: kwa debugfs, programu ya kuchunguza mfumo wa faili, kwenye mfumo wa faili wa ext4 usiosimbwa, aliyemo humo anaisoma /etc/shadow, faili la nywila za watumiaji, bila kuulizwa na mtu.

Mwondoe mtumiaji kwenye kundi hilo. Andika kwenye sudoers, faili linaloamua nani aendeshe amri gani kama root, amri kamili, smartctl -a /dev/sda, pamoja na vigezo vyake, kwa sababu smartctl iliyoachwa huru, ikipewa -s, inaweza kuizima kache ya kuandika ya diski hiyo hiyo.