Ukimfichia Mwenzako Jeraha la Kazini, Humsaidii

Kila mwaka, Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Kazini, Aprili 28, inapokaribia, sisi maafisa wa usalama kazini huulizwa sana kuhusu majeraha ya zamani. Visa vinafanana: mashine ilimbana mtu kidole, wenzake wakachanga kwa M-Pesa, dawa zikanunuliwa, kisha mmoja akamshikia zamu ili msimamizi asijue. Nia ni njema, na hakuna anayeilaumu.

Balaa huanzia kwenye daftari la mahudhurio. Ukimsainia mwenzako aliyelala nyumbani mkono ukiwa na bendeji, rekodi inasema alikuwa kazini. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, ambayo Wakenya huiita WIBA, inampa aliyeshindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi malipo sawa na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Siku hizo atazithibitishaje, na sahihi yake ipo? Matibabu nayo ni gharama ya mwajiri, si ya kikundi cha WhatsApp.

Utaratibu ni huu. Taarifa kwa mwajiri yaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na mtu mwingine anaweza kuitoa kwa niaba ya aliyeumia. Hapo ndipo unapohitajika. Kwa kifo, taarifa itolewe ndani ya saa 24. Mwajiri akishaipata, ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya DOSH/WIBA 1 (wengine bado wanaulizia fomu ya zamani, LD 104!). Dai lina miezi 12 kuanzia siku ya ajali, si kuanzia siku kidonda kilipokataa kupona.

Tena, tuache hii dhana kwamba kuripoti ni kumchongea mwenzako. Kuteleza au kuzembea kidogo hakumnyimi mtu fidia. Sheria inazungumzia utovu wa nidhamu wa makusudi.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya 2007 vilevile, kinamtaka kila mfanyakazi kulinda usalama wake na wa wengine wanaoweza kuathiriwa na anayoyatenda au asiyoyatenda. Anayekiuka hutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mashine isiyo na kinga ikinyamaziwa Jumatatu, itamngoja wa zamu ya usiku.

Hata kama taarifa haikutolewa, haki haipotei ikithibitika kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine. Lakini uthibitisho unataka mashahidi, na tukifika kuchunguza, karakana nzima huwa ilikuwa msalani. Aliyeona aandike tukio, tarehe na saa siku hiyohiyo, atie jina lake, abaki na nakala. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Mjumbe wake apewe nakala nyingine.