Mahakama ya Shirikisho ya Maine: nani yumo ndani yake na anawajibika kwa nani

Katika kila jimbo la Marekani kuna mifumo miwili ya mahakama inayokaa bega kwa bega: mahakama za jimbo lenyewe, ambazo hubeba sehemu kubwa ya mashauri ya kila siku kama vile talaka, mirathi, wizi na ugomvi wa kodi ya nyumba, na mahakama za shirikisho, ambazo mamlaka yake yanatoka kwenye Katiba ya nchi na sheria za Bunge la Marekani. Mahakama za shirikisho zinazosikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, kwa kupokea ushahidi na kutoa hukumu, ziko 94, na kila moja ina eneo lake. California, Texas na New York yamegawanywa katika maeneo manne kila jimbo, lakini majimbo 26 yana eneo moja tu linalofuata mipaka ya jimbo zima. Maine, katika pembe ya kaskazini mashariki, ni mojawapo. Tumelichagua kwa sababu mahakama yake ni ndogo kiasi kwamba muundo wote unaonekana kwa urahisi, na pia kwa sababu Portland na Lewiston sasa ni makazi ya familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zinazozungumza Kiswahili nyumbani.

Jambo la ajabu kidogo ni kwamba mahakama hii ina umri mkubwa kuliko jimbo lake. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789, iliyotiwa saini na Rais George Washington, iliipa Maine eneo lake la kimahakama wakati bado ilikuwa sehemu ya Massachusetts, na David Sewall akawa jaji wake wa kwanza. Maine ilikuja kuwa jimbo kamili mwaka 1820. Leo mahakama hukaa katika miji miwili: Portland, inayopokea mashauri ya kusini kama yale ya kaunti za Cumberland, York na Androscoggin, na Bangor, inayohudumia Penobscot, Aroostook na sehemu nyingine za kaskazini na mashariki. Ni mahakama moja yenye majengo mawili, na hukumu inayotolewa Bangor ina uzito uleule wa ile ya Portland.

Mashauri yanayofika hapo ni ya aina maalumu. Yapo ya jinai yanayovunja sheria za shirikisho, yapo yanayohusu Katiba au sheria ya shirikisho, yapo ambayo serikali ya Marekani ni mmoja wa wahusika, na yapo madai kati ya raia wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Mambo ya ubaharia na ufilisi nayo ni ya mahakama za shirikisho.

Kiini cha mahakama ni majaji, na sheria inaipa Maine nafasi tatu. Jaji wa shirikisho hapigiwi kura wala hateuliwi na gavana: Rais humteua, Seneti humthibitisha, na kuanzia hapo hubaki madarakani maadamu ana mwenendo mwema, bila mshahara wake kupunguzwa, kama Ibara ya 3 ya Katiba inavyoagiza. Kumwondoa kunahitaji Baraza la Wawakilishi limshitaki na Seneti imtie hatiani, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, cheo hiki kinakaribia kile cha jaji wa Mahakama Kuu. Hadi mwaka 1978, Bunge lilipoongeza nafasi ya pili, eneo zima la Maine lilikuwa na nafasi moja tu ya jaji, na aliyeikalia kwa miaka mingi ni Edward Gignoux, ambaye jengo la mahakama la Portland limepewa jina lake. Nafasi mpya ilimwendea George Mitchell mwaka 1979. Mwaka uliofuata aliiacha akaenda kuwa seneta, uamuzi ambao wachache huufanya wakiwa tayari wameshika kazi ya maisha.

Jaji mkuu wa eneo hachaguliwi na wenzake wala na Rais. Cheo humwangukia jaji aliyetumikia muda mrefu zaidi miongoni mwa wale ambao hawajafikisha umri wa miaka 65, naye hukishika kwa muda usiozidi miaka saba na si baada ya kutimiza miaka 70. Kazi yake ni ya utawala. Hawezi kumwagiza mwenzake namna ya kuamua shauri. Jaji aliyefikisha miaka 65 na kutumikia miaka 15 anaweza kuchukua hadhi ya jaji mwandamizi: kiti chake huwa wazi kwa ajili ya mteuliwa mpya, lakini yeye anaweza kuendelea kusikiliza mashauri kwa kiwango kilichopunguzwa. Katika mahakama yenye viti vitatu, majaji waandamizi ni nguzo halisi, kwa maana kiti kimoja kikikaa wazi huku Seneti ikichelewa, theluthi ya nguvu kazi imetoweka.

Chini ya majaji wapo mahakimu wa shirikisho, ambao huteuliwa na majaji wenyewe kwa kipindi cha miaka minane. Hao ndio mshitakiwa huwaona kwanza: hutoa hati za upekuzi, husikiliza maombi ya dhamana, na husimamia maandalizi ya mashauri ya madai. Pande zote mbili zikikubali, hakimu anaweza kuendesha shauri la madai hadi hukumu. Majaji wa ufilisi, kwa upande wao, huteuliwa na mahakama ya rufaa kwa miaka 14. Kumbukumbu, ada na wito wa raia wa kukaa katika jopo la kuamua mashauri viko mikononi mwa ofisi ya msajili, na maofisa wa probesheni, wanaomwandikia jaji taarifa kabla ya adhabu, nao ni watumishi wa mahakama.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mwendesha mashitaka mkuu wa shirikisho katika Maine na mkuu wa maofisa wa usalama wanaowaleta mahabusu hufanya kazi kila siku katika majengo hayohayo, lakini wote wawili ni watu wa Rais chini ya Wizara ya Sheria, na jaji hana mamlaka ya kuwaajiri. Majaji wa uhamiaji wako mbali zaidi: licha ya jina lao, ni watumishi wa wizara hiyohiyo na hawana ulinzi wa Ibara ya 3. Kwa hiyo ombi la hifadhi linalosikilizwa na jaji wa uhamiaji halimo katika mahakama tunayoieleza. Hata hivyo mtu aliyewekwa kizuizini na maofisa wa uhamiaji anaweza kumwomba jaji wa shirikisho achunguze kama kizuizi hicho ni halali, na sherehe nyingi za kiapo cha uraia huendeshwa mbele ya majaji hawahawa.

Lugha ya mahakama ni Kiingereza, na raia hawezi kukaa katika jopo bila kukisoma na kukielewa. Kwa mshitakiwa hali ni tofauti: sheria ya mwaka 1978 inaitaka mahakama impatie mkalimani kwa gharama ya serikali katika kesi zilizofunguliwa na Marekani. Mtihani rasmi wa shirikisho wa wakalimani kwa sasa ni wa Kihispania tu, hivyo mkalimani wa Kiswahili hupimwa kwa vigezo vingine, na ni busara kwa anayezungumza Kiswahili cha Bukavu au Bujumbura kumwambia wakili wake mapema kwamba hamfuati vizuri mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Nairobi.

Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Boston, kwenye mahakama inayohudumia pia Massachusetts, New Hampshire, Rhode Island na Puerto Rico. Mshitakiwa wa jinai ana siku 14 za kuwasilisha taarifa ya rufaa, na mhusika wa shauri la madai ana siku 30, au 60 ikiwa serikali ya Marekani ni mhusika. Juu ya Boston imebaki Mahakama ya Juu peke yake, nayo huchagua yenyewe mashauri machache itakayoyasikiliza.