Mkunjo wa RNA ya influenza: kwanza uliza ni uzi upi

Jenomu ya influenza A ni ndogo mno: takriban nyukliotidi (herufi za RNA) 13,500 katika vipande 8, kirefu kabisa kikiwa na 2,341 na kifupi kabisa 890. Katika nafasi finyu namna hiyo huwezi kumwekea kila protini swichi yake. Udhibiti mwingi umo katika umbo la RNA yenyewe, yaani pale inapojikunja, pale inapobaki wazi, na wakati inapobadili mkao. Kuna maeneo mawili ambayo ushahidi wake una uzito: ncha za vipande, na sehemu za kukata mRNA, ile nakala ambayo seli huisoma kutengeneza protini. Mengine mengi ninayaona bado ni ramani inayochorwa.

Kabla ya yote, jua unakunja uzi upi. Jenomu hii ni uzi hasi, yaani kinyume cha mRNA, lakini ukipakua mfuatano kutoka GenBank, hazina ya mifuatano ya jeni, utapata uzi chanya, tena ulioandikwa kwa T badala ya U. Ukiutia kama ulivyo kwenye RNAfold, programu inayotabiri mkunjo, umekunja mRNA, si RNA iliyofungwa ndani ya kirusi. Wapo wanaosema haidhuru, kwa kuwa uzi mmoja ni kivuli cha mwenzake. Inadhuru, na sababu ni jozi ya G na U. RNA inairuhusu jozi hiyo, ila katika uzi wa pili ile G imekuwa C na ile U imekuwa A, na hizo mbili hazishikani. Shina lenye jozi tatu za G na U upande huu lina mipasuko mitatu upande ule. Kwa hiyo kama unachunguza ukataji wa mRNA, tumia uzi chanya kama ulivyo. Kama unachunguza promota, yaani mahali unakili unapoanzia, au upakiaji wa vipande ndani ya kirusi, geuza mfuatano, wa mwisho awe wa kwanza, na kila besi uibadilishe kwa mwenzake.

Sasa ncha. Vipande vyote 8 vina nyukliotidi 12 zinazofanana upande wa 3′ (mwisho wa uzi) na 13 upande wa 5′ (mwanzo wake), hizi za 5′ zikisomeka AGUAGAAACAAGG. Michoro mingi huzionyesha ncha hizi zimelaliana mwanzo hadi mwisho kama mpini wa kikaango. Ndani ya polimerasi, kimeng'enya cha kirusi kinachonakili RNA, hali ni nyingine. G ya nafasi ya 2 hushikana na C ya 9, U ya 3 na A ya 8, na besi nne za katikati hubaki kitanzi. Hiyo ni ndoano. Kuanzia nafasi ya 11 ndipo uzi wa 5′ unaposhikana na ule wa 3′. Muundo wa polimerasi ya influenza ya popo, uliochapishwa 2014, ulionyesha ndoano hiyo imekaa katika mfuko wake maalumu.

Ndoano ikishaingia mfukoni, polimerasi huamka. Bila hiyo haiwezi kuiba kofia vizuri, yaani kukata nyukliotidi 10 hadi 13 za mwanzo wa mRNA za seli ili zianzishe mRNA ya kirusi. Kazi yake nyingine huonekana mwishoni mwa unakili. Takriban nyukliotidi 16 kutoka ncha ya 5′ kuna U 5 hadi 7 mfululizo. Polimerasi inazifikia huku bado imeing'ang'ania ncha ileile, uzi unakazana, haina pa kwenda, inazisoma U zilezile tena na tena na kila mara inaongeza A. Ndivyo mkia wa A unavyopatikana. Inapokuwa inanakili jenomu nzima, ncha hiyo hulazimika kuachiwa ili isomwe hadi mwisho. Mtego uleule, ukikaza unatoa mRNA, ukilegea unatoa nakala kamili.

Eneo la pili ni ukataji, yaani kuondoa kipande cha katikati cha mRNA, introni, na kuunganisha kilichobaki. Kipande cha M hutoa protini M1 bila kukatwa, na M2 baada ya kuondolewa introni ya karibu nyukliotidi 690. Kipande cha NS hutoa protini NS1, na NEP baada ya kuondolewa karibu 470. Kirusi kinahitaji M1 kwa wingi na M2 kwa kiasi. NEP nayo ikijaa mapema huharibu mpangilio wa maambukizi. Kwa hiyo ukataji lazima uwe hafifu, na mkunjo ni sehemu ya breki hiyo.

Karibu na mahali pa kukata upande wa 3′ katika M, nafasi ya 740, mRNA inaweza kukaa kwa mikao miwili. Katika fundo bandia, ambapo kitanzi hushikana na sehemu iliyo nje ya shina lake, mahali pa kukata pamezikwa ndani ya shina na mashine ya seli haipafikii kwa urahisi. Katika kibanio, yaani shina la kawaida lenye kitanzi nchani, panaangukia kwenye kitanzi cha ndani cha besi mbili kwa mbili, na panafikika. NS ina jozi ya mikao inayofanana na hiyo. Mimi siichukulii kama swichi ya kuwasha na kuzima. Naiona kama mizani, nayo protini za seli zinazokaa hapo huielemeza upande mmoja. Na kumbuka kwamba RNAfold haitabiri fundo bandia hata kidogo: itakupa kibanio tu na utadhani mambo yameisha.

Kuthibitisha, vunja mkono mmoja wa shina, kisha vunja ule mwingine peke yake, kisha badilisha yote miwili ili jozi zirudi. Ukataji ukiharibika mara mbili za kwanza na kurejea mara ya tatu, umbo ndilo lililofanya kazi. Ukivunja mkono mmoja tu hujathibitisha kitu, kwa sababu huenda umeharibu herufi ambazo mashine ya kukata inazisoma. Ugumu ni kwamba kati ya 740 na 784 fremu mbili (namna za kusoma herufi tatu tatu) zinapishana, ya M1 na ya M2. Badiliko lisilogusa asidi amino ya moja mara nyingi hugusa ya nyingine. Katika NS mpishano ni mrefu zaidi. Kagua fremu zote mbili kabla ya kuagiza plasmidi, DNA ya duara itakayobeba badiliko lako.

Kwenye kupima napo kuna mtego. RNA kamilishi ya jenomu, cRNA, ina mwelekeo sawa na mRNA na haijakatwa. Ukianzisha unakili wa kinyume (RNA kuwa DNA) kwa praima za nasibu, yaani vipande vifupi vya kuanzishia unakili vinavyoshika popote, cRNA itahesabiwa kama mRNA ya M1, na ukataji utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Tumia praima ya T nyingi ili ushike zenye mkia. Tena, PCR moja yenye praima pande zote mbili za introni hupendelea kipande kifupi, kwa hiyo M2 itavimba. Afadhali praima inayokaa juu ya kiungo chenyewe, na nyingine ndani ya introni.

Kwa ramani za jenomu nzima, 1M7, kemikali inayotia alama kwenye nyukliotidi zisizoshikana, hutumika kwa takriban milimola 10 kwa lita, nyuzi 37, sekunde 75. Nusu yake huisha kwa sekunde 14 hivi, kwa hiyo changanya papo hapo. Alama hizo husomwa kama makosa ya unakili, ambao hufanyika penye ioni za manganizi badala ya magnesi. Kosa la kawaida hapa ni kusema nyukliotidi isiyoathirika imeshikana na mwenzake. Protini ya NP hufunika RNA ya kirusi, nayo haijipangi kwa usawa. Huenda NP ndiyo iliyoziba. Pima RNA ndani ya kirusi na RNA iliyovuliwa protini, sambamba na sampuli isiyotiwa kemikali.

Tena ukikuza vipande kwa zile praima za pamoja za nyukliotidi 12 na 13, ncha zote hutoka kwenye praima, si kwenye sampuli, na ile ndoano haitaonekana kabisa. Ukiitaka, unganisha adapta, mfuatano mfupi unaoujua, kwenye ncha kabla ya kunakili. Upande wa 5′ punguza kwanza fosfati tatu zibaki moja, la sivyo adapta haitashika.