Anayelipa Likizo ya Uzazi ni Nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Likoni, kwenye kikao cha akina mama wa chama kimoja ninachokisaidia kwa mambo ya sheria za kazi. Tulikuwa katikati ya kuandika waraka wetu wa maoni kuhusu likizo ya uzazi. Bwana mmoja aliyekuja kumchukua mkewe akasimama mlangoni, akatusikiliza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mama zangu, mkizidi kudai, hakuna atakayewaajiri." Wenzetu wawili wakaitikia kwa kichwa. Wao wenyewe, wenye watoto mapajani!

Neno hilo nimeambiwa Changamwe, nimeambiwa Kwale, nimeambiwa na watu wenye shahada zao. Sitaki kulijibu tena kwa mdomo mmoja mmoja, basi naliandika.

Sheria kwanza, haraka. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Kabla ya hapo, chini ya sheria ya zamani, ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua unapoteza likizo yako ya mwaka. Yaani mwaka uliozaa, hupumziki. Leo likizo ya mwaka haiguswi. Kufutwa kazi kwa sababu ya mimba kumekatazwa na kifungu cha 46. Na wewe dada unayeambiwa na msimamizi kwamba "kibarua hana likizo", soma kifungu cha 37: ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria inakuhesabu kuwa na mkataba wa mwezi, hata kama wanakulipa kila jioni. Hilo nimelisema mara nyingi, sitalirefusha.

Sasa nirudi kwa yule bwana. Hakusema uongo mtupu, na ndiyo maana neno lake linaingia watu. Kuna waajiri wanaomwona msichana aliyeolewa juzi wakaiweka barua yake chini ya rundo. Lakini muulize mwajiri huyo anaogopa nini hasa. Mtoto hamwogopi. Anaogopa hesabu, na hesabu hiyo tumeipanga wenyewe hivyo nchini Kenya: mshahara wote wa miezi mitatu unatoka mfukoni mwa mwajiri mmoja, yule ambaye mfanyakazi wake amezaa.

Chukua duka la dawa lenye wafanyakazi watatu. Mmoja analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, anajifungua. Mwenye duka atamlipa 60,000 akiwa nyumbani, na akimtafuta wa kushika nafasi, atatoa 60,000 nyingine. Jirani yake aliyeajiri vijana wa kiume watatu anagharimika wiki mbili tu za likizo ya baba. Kwa mpango huu tumemwadhibu aliyeajiri mwanamke, kisha tunashangaa akisita kumwajiri wa pili. Ukiongeza miezi bila kugusa mpango, unaongeza adhabu. Hapo bwana wa Likoni ana haki. Alipokosea ni kudhani kwamba mpango huu umeshuka kutoka mbinguni.

Haukushuka. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki 14, na katika ibara ya 6 unasema fedha hizo zitoke kwenye bima ya jamii au hazina ya umma, na mwajiri asibebeshwe gharama hiyo peke yake. Waliouandika walijua kitakachomfika mwanamke mlangoni pa ajira endapo bili ingebaki kwa tajiri wake.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Rwanda, kwa sheria ya kazi ya 2009, mama alikuwa na wiki 12, lakini wiki sita za mwisho angeweza kulipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Wengi walijua maana yake: rudi kazini mtoto akiwa na mwezi na nusu. Mwaka 2016 wakapitisha sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi. Kila mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwanamume kwa mwanamke, na mwajiri anaongeza 0.3. Mwajiri akabaki na wiki sita za mwanzo, mfuko ukachukua za mwisho. Mwaka 2023 likizo ikapanda hadi wiki 14.

Rudi dukani kwetu sasa, tuseme tuna mfuko kama huo. Asilimia 0.3 ya shilingi 20,000 ni shilingi 60. Mwenye duka anatoa 60 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, awe Juma awe Mwanaisha, azae asizae. Jirani yake wa vijana watatu anatoa vilevile. Sababu ya mwenye duka kumkwepa Mwanaisha inapungua sana. Ndiyo maana nawasihi akina mama: mkipewa dakika tatu mbele ya kamati ya bunge, msizimalize kwenye idadi ya miezi. Semeni nani alipe. Nimeona waraka baada ya waraka unaodai miezi sita, wenye maneno mazuri ya maziwa ya mama, bila sentensi hata moja kuhusu fedha zitakapotoka. Kamati inashukuru, inapiga picha nanyi, inafunga faili.

Jambo jingine linaloniumiza ni chumba cha kunyonyeshea. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa: pa kunawia mikono, friji au kitu cha kupozea, soketi ya umeme, meza, kiti cha kukalika. Inasema pia pasiwe ndani ya choo. Sheria imelazimika kukitaja choo! Kifungu cha 72 kinaongeza muda wa kunyonyesha, usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi. Mama mmoja aliniambia mwaka jana kwamba alipouliza, alionyeshwa stoo ya mafagio. Alikamulia humo wiki nne, akiwa amesimama. Mimi nashindwa kulisimulia hili kwa utulivu.

Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia bungeni na mwanawe wa miezi mitano. Alitolewa nje, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye. Mpango wa chumba cha watoto bungeni ulikuwa umeidhinishwa tangu 2013. Watu walibishana wiki nzima kama alifanya adabu au hakufanya. Mimi nilitaka waulize jambo jepesi zaidi: ikiwa nyumba inayotunga sheria imeshindwa kutenga chumba kimoja kwa miaka sita, mwenye karakana ya Jomvu atamwogopa nani?

Na tafadhalini, madai ya vituo vya kulelea watoto wadogo msiyapeleke Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limevitaja waziwazi kuwa kazi ya kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Mnampigia simu mbunge, anawaahidi, mnampigia makofi, kumbe bajeti yake haipo kwake. Nendeni kwa mwakilishi wadi, anayekaa kwenye bunge la kaunti. Kila mtu ana haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi la maandishi, kwenye bunge hilo. Nendeni mapema pia. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30. Mkija Juni na mabango, mnakuta chungu kimeshaepuliwa.

Sasa nitoe yaliyo moyoni, maana si haki niwahimize bila kusema ninapoyumba.

Mfuko wa michango unamfaa mwenye hati ya mshahara. Mama mboga wa Kongowea, anayerudi sokoni wiki ya pili baada ya kujifungua kwa sababu siku asipouza hali, mfuko wa Rwanda haungemgusa. Na katika vikao vyangu, wa namna yake ndio wengi. Nimewahi kuwaza kwamba ninawatumia hao kujaza viti ili kumpigania dada wa ofisini. Jibu zuri sina. Kinachowafaa wote wawili ni kituo cha watoto karibu na soko, na ndiyo maana siku hizi nakitanguliza kuliko zamani.

Kisha kuna neno makato. Mfanyakazi Mkenya tayari anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba, na hasira ya watu juu ya mambo haya naijua, ninaishi nayo nyumbani kwangu. Nikisimama niseme "ongezeni 0.3", kuna watakaoniuliza fedha hizo atazilinda nani, na swali lao ni la haki. Wenzangu wengine wanataka itoke kwenye kodi iliyopo. Nimebadilisha msimamo mara mbili juu ya hilo, na huenda nikabadilisha tena.

Yule bwana wa Likoni hakuondoka. Alivuta kiti, akapiga hesabu ya shilingi 60 kwenye simu yake, kisha akauliza kama baba naye angekatwa. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba yeye ana mabinti watatu. Mkewe akamsogezea karatasi ya waraka aisome, na tukaendelea na aya ya nne.